Mboga Zilizopandwa na Ng'ombe

Hatukupewa. Narudia tena, maana naona watu wa ukoo wetu wameziba masikio: hatukupewa! Juzi kwenye arusi kule Misigiri, kaka yangu Daudi, mtoto wa baba mkubwa, alinisimamisha mbele za watu, kibuyu cha pombe mkononi, akaniambia, "Naomi, nyie mshukuruni Mungu. Mzee aliwapa ile bustani. Bila yeye mngekula nini?" Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mzee alikuwa na huruma sana. Nikamwambia Daudi palepale kwamba huruma ya baba yake naijua, naijua mpaka harufu yake. Wakacheka, wakadhani nimelewa. Mimi silewi. Mimi nina hasira tu, na hasira yangu ina kumbukumbu nzuri kuliko pombe ya Daudi. Wewe unayesoma hukuwepo, basi kaa nikueleze, halafu utasema mwenyewe kama kile ni kitu cha kupewa.

Harufu yenyewe ni hii: zizi lililohamwa, likipigwa na mvua ya kwanza. Kama hujakulia kwenye ng'ombe utaziba pua. Inakuja kwanza kama maziwa yaliyochacha, halafu inakuwa kali kama mkojo, halafu jua likitoka inageuka tamu, nzito, inakaa kwenye nguo na kwenye nywele mpaka unalala nayo. Sisi tuliishi nayo mlangoni. Tembe letu pale Kinyangiri lilikuwa limekaa upande mmoja wa zizi na nyumba ya baba mkubwa upande wa pili, na usiku tulikuwa tunasikia ng'ombe wanavyocheua, krrp, krrp, mpaka usingizi unakuja. Baba yetu alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia. Lilikuja lori la kuandikisha vijana kwenda kukata mkonge huko Tanga, likapiga honi pale kwenye duka la Mhindi, vijana wakapanda kama wanakwenda kucheza ngoma, na baba yumo. Alisema atarudi kabla ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Tukabaki mama, mimi, na mdogo wangu Yohana ambaye hata meno hayajamaliza kuota. Na mama hakuwa mtu wa pale. Aliolewa akitokea Misigiri, na mtu aliyeolewa, mume wake akiwa mbali, anakuwa kama mgeni aliyesahau kuaga.

Sasa mwaka huo baba mkubwa alihamisha zizi. Likazidi tope, ndama wakaanza kuoza kwato, akalipeleka nyuma ya nyumba yake. Pale lilipokuwa pakabaki uwanja mweusi, samadi imejaa mpaka magotini, nguzo za zizi zimeng'olewa, matundu yake yanakutazama kama macho. Mama akaamka asubuhi, akafunga nguo yake vizuri, akaenda kupiga magoti mbele ya baba mkubwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, Yohana mgongoni kwangu, nimesikia kila neno.

"Shemeji, naomba pale zizi lilipotoka. Nataka kupanda mboga."

Baba mkubwa alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. "Mama Naomi, wewe mboga za nini? Kuna mboga kwa mama mkubwa. Kwa nini usihamie tu huku kwangu, ukapikia chungu kimoja na wenzako? Mwanamke mmoja na watoto wawili, mji gani huo?"

Hapo ndipo penyewe. Ukisikia mtu anasema tulipigania mboga, hajaelewa. Kwetu, mwanamke mwenye bustani yake na jiko lake ana mji. Akihamia kwenye chungu cha mwenzake, mji wake umekufa. Tembe lake linabomolewa, miti yake inachukuliwa kujengea kitu kingine, na watoto wake wanakuwa watoto wa kutumwa. Nilishawaona watoto wa namna hiyo. Wanakula mwisho, wanaamka kwanza. Mama alikuwa analijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana alikaa palepale chini kwenye magoti, hasogei. Akasema, "Mji wa mume wangu bado upo, shemeji. Naomba mahali pa kupanda."

Baba mkubwa akatazama lile zizi tupu, akatazama mama, akatabasamu. Tabasamu lile ningekuwa na jiwe! Akasema, "Haya. Chukua. Mtama wa mwaka huu ukiingia ghalani, mimi nitakuja hapo na wazee wawili kuitazama bustani yako. Ikiwa bustani, ni yako. Ikiwa uwanja wa mavi, mnahamia kwangu, na miti ya tembe lako itanifaa kwa banda la ndama." Mama mkubwa, mke wake, aliyekuwa anapepeta uwele pale mlangoni, akacheka kwa sauti mpaka ungo ukatikisika. Na alikuwa na haki ya kucheka. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba zizi likihama, pale panaachwa misimu miwili ya mvua kwanza. Samadi mbichi ina moto. Ukipanda mwaka uleule, mche unaungua kama umemwagiwa maji ya ugali. Hiyo ndiyo huruma aliyotupa mzee wenu, Daudi. Alitupa moto, akatuambia tulime.

Mama hakulia. Njiani kurudi nyumbani, hatua chache tu zile, akaniambia, "Naomi, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lete jembe." Lakini hakulima siku hiyo wala iliyofuata. Alikuwa anazunguka tu. Anasimama kona hii, anasimama kona ile, mchana kweupe, jua la utosi, anatazama kivuli cha tembe kinaishia wapi. Anachukua kibuyu cha maji, anamwaga, anatazama maji yanakimbilia wapi. Anaingiza mkono kwenye samadi mpaka kwenye kiwiko, anakaa nao humo, kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye mimba, halafu anautoa, ananusa, anakwenda mahali pengine. Watu wakipita wanaulizana kama baba ametuma habari mbaya, maana mke wake kachanganyikiwa. Mimi mwenyewe niliogopa kidogo. Siku ya tatu hivi akachukua kijiti, akachora chini mbele ya mlango wetu. Hapa mlango wa ua. Hapa mfereji, maji ya mvua yapite katikati ya samadi yaondoke na ukali wake. Hapa kitalu cha miche, karibu na ukuta, jua la jioni lisikifikie. Hapa kunde, hapa nyanya zile ndogondogo, hapa vitunguu. Maboga pembeni kabisa, yatambae juu ya ua. Na mchicha? Nikauliza. Akasema mchicha tutapata mbegu kwa watu wa misheni. Shule mimi sikwenda, kusoma nilijifundisha baadaye kwenye makaratasi yanayofungiwa chumvi dukani, lakini ukweli ni kwamba kitu cha kwanza nilichosoma maishani ni ule mchoro wa mama kwenye vumbi. Yohana akautambalia, akaufuta. Mama akauchora tena.

Kazi sasa. Tulitoboa mashimo ndani ya samadi, tukashuka korongoni kuchota mchanga na udongo mwekundu, tukabeba kwa vikapu kichwani, tukajaza kila shimo udongo, ili mche uanze maisha mahali baridi kabla mizizi haijaufikia moto. Shingo yangu iliuma mpaka nikawa natazama watu kwa pembeni. Matawi ya mgunga tuliyakata wenyewe kujenga ua, na mpaka leo nina alama ya mwiba hapa chini ya kidole gumba. Maji tulichota kwenye visima vya mchangani, unachimba kwa mikono, unasubiri yajae, unachota kwa kata, unasubiri tena, na mbuzi wa watu wamekuzunguka wanakupumulia shingoni. Mama akatoboa kibuyu matundu madogo kwenye kitako, tukanyunyizia nacho. Mbegu za nyanya alikausha kwenye majivu. Za kunde alitumiwa na mama yake kutoka Misigiri, zimefungwa kwenye kitambaa, na vitunguu alipata miche kwa mke wa mwinjilisti.

Na kila asubuhi, kabla ya hayo yote, kulikuwa na kazi nyingine ngumu kuliko kubeba udongo. Mama alinituma kwenda kumwamkia baba mkubwa. Kila asubuhi! Nikikataa, fimbo. "Sisi hatutanyimwa mahali kwa sababu ya adabu," alisema. "Kama anataka kutunyima, atafute sababu nyingine." Basi nakwenda, napiga goti, "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Mboga zinaendeleaje?" Na wale waliokaa naye wanaanza kukohoa, unajua ile ya kuficha kicheko. Nami najibu, "Zinaendelea, baba." Sauti yangu ilikuwa tamu, lakini vidole vya miguu nilikuwa nimevikunja ndani ya vumbi mpaka vinauma. Heshima namna ile si unyonge, usidanganyike. Heshima namna ile ni kumwekea mtu ukuta usoni, halafu unaupaka chokaa vizuri.

Hazikuendelea. Mvua zilikuja vizuri, mfereji ukapitisha maji meusi kama kahawa, kunde zikatoka, nyanya zikatoka, tukafurahi kama wapumbavu. Kisha mizizi ikafika kwenye samadi. Ilianza pembeni za majani, njano, halafu kahawia, halafu jani lote likajikunja kama sikio la mbwa mzee. Kunde zikafa. Nyanya zikafa. Vitunguu havikufa, vilifanya kitu kibaya zaidi: viliota majani marefu, manene, mazuri ajabu, ukivuta chini hakuna kitunguu, shingo tupu. Mama alikaa katikati ya matuta yale, mkononi kashika shingo ya kitunguu, akasema, "Hata wewe?" Basi. Maboga peke yake ndiyo yalikuwa yanatambaa, yamenenepa majani, lakini boga ni la kungoja, na majani yake tungeyala mara ngapi?

Habari ikafika upande wa pili kabla jua halijazama. Kesho yake nikitoka kwenda kuamkia, nakuta baba mkubwa kasimama kwenye tembe letu na kamba. Anapima nguzo. Anakumbatia nguzo ya mlango wetu, anaizungusha kamba, anafunga fundo, anakwenda ya pili. Anaongea peke yake, "Hii nzuri. Hii imeliwa na mchwa kidogo." Mama yuko kisimani. Maneno yakanitoka kabla sijayakamata. Nikamwambia, "Baba mkubwa, pima na kaburi lako hapohapo!" Mungu wangu. Mtoto kumwambia mtu mzima maneno hayo! Alinigeukia pole pole. Hakunipiga. Alisema tu, "Mama yako kashindwa kupanda mboga, kumbe mtoto naye kashindwa kumpandia adabu," akaondoka na kamba yake. Mama aliporudi akaambiwa na dunia nzima. Alinichapa mpaka mkono wake ukachoka, halafu akanipeleka kuomba radhi, nikaomba, halafu tukarudi nyumbani, akanipaka mafuta kwenye alama za fimbo, na wakati ananipaka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anapima na nguzo ya katikati?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mshenzi."

Sasa sikiliza kosa letu, maana hili ni kosa ambalo mtu wa mjini hawezi kulifanya hata akijaribu. Watu wa Misigiri, watu wa mama, wana sifa moja: shamba safi. Kwao mwanamke anasifiwa kwa shamba lililopaliwa mpaka likang'aa kama uwanja uliofagiwa, na jani moja tu la magugu ni aibu inayotembea mpaka kwa wakwe. Basi mimea yetu ilivyokufa, mama aliona ameshaaibika kwa mazao, hataki kuaibika na kwa magugu. Akawa anapalilia uwanja mtupu! Kila kilichochomoza kwenye ile samadi, anang'oa. Na vilikuwa vinachomoza kwa fujo, si mchezo, leo umeng'oa, kesho vimerudi. Tunavikusanya kwenye kikapu, tunavitupa nje ya ua wa miiba, upande wa baba mkubwa, ndiyo sisi pia tulikuwa na roho zetu. Tukatupa hivyo kama wiki mbili hivi.

Jioni moja tumekaa na ugali wetu na chumvi. Upepo ukageuka, ukatokea kwa mama mkubwa, na pamoja na upepo ikaja harufu. Mgagani. Mgagani uliochemshwa, ukamwagwa maji yake machungu, ukatiwa maziwa. Hakuna harufu nyingine kama ile, ina uchungu ndani yake na ina utamu wa kukufanya umeze mate bila kutaka. Ilikuwa ile miezi ya njaa, maghala yamebaki vumbi, porini watoto wa watu wameshachuma kila jani linaloliwa, na mama mkubwa anapika mgagani? Anaupata wapi? Mama akaacha kutafuna. Akanyanyuka na tonge mkononi, akaenda mpaka kwenye ua, akainama, akachungulia kwenye miiba. Lile rundo la magugu tuliyotupa mchana halikuwepo. Limechumwa safi, yamebaki mashina. Nikasikia mama anaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, tonge limeanguka, kuku wamekuja. "Naomi," aliniambia, "mimi ni mpumbavu. Nimemlisha yeye wiki mbili." Maana ukishapigwa na aibu, macho hayaoni. Yale hayakuwa magugu. Ng'ombe walikula mgagani na mchicha porini, mbegu zikapita tumboni mwao zikiwa nzima, zikalala kwenye samadi, na zenyewe moto ule ndio kwao. Zilizaliwa humo.

Kuanzia kesho yake hatukung'oa tena. Mama alizipunguza pale zilipobanana, akazihamishia kwenye matuta kwa mistari, akafuata mchoro wake ule ule, hapa palipokuwa pa kunde sasa mgagani, hapa pa nyanya sasa mchicha, akaleta na mnavu uliojiotea kando ya mfereji. Akazinyunyizia kwa kibuyu asubuhi na jioni. Bustani ikanenepa! Ikawa ya kijani mpaka inatisha, katika kijiji ambacho kila kitu kina rangi ya vumbi. Tulikula. Tulikausha juu ya paa la tembe. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kusimama kwenye mlango wa ua wanatazama tu. Na asubuhi nikienda kuamkia, "Mboga zinaendeleaje?" nami najibu vilevile, "Zinaendelea, baba," lakini sasa waliokaa naye hawakohoi.

Hakungoja mtama uingie ghalani. Ulikuwa bado shambani, unaanza kuinamisha vichwa, tukamwona anakuja na wazee wawili, na mama mkubwa nyuma yao. Mama akawakaribisha, akawatolea vigoda. Hakuna aliyekaa. Baba mkubwa akanyoosha fimbo yake juu ya ua.

"Wazee, tazameni. Mnaona bustani?"

"Tunaona," mmoja akasema. "Nzuri."

"Si bustani. Muulizeni alipanda nini. Alipanda kunde, zimekufa. Alipanda nyanya, zimekufa. Hii mnayoiona hakupanda yeye. Ni ng'ombe zangu! Wamekula mbegu porini, wakaja kuzinya kwenye zizi langu. Ng'ombe zangu ndio waliopanda. Kwa hiyo mboga ni zangu, na bustani hakuna. Mama Naomi, funga mizigo."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kutikisa kichwa, ile ya kukubali. Nilimtazama mama, nikaomba anipe ruhusa hata kwa jicho, nimrukie. Hakunipa. Alikuwa kaweka mkono mmoja kiunoni, sauti yake laini kama mtu anayeomba chumvi.

"Shemeji, nisaidie nielewe, mimi ni mwanamke. Mboga ni ya nani?"

"Ya aliyepanda."

"Rudia, wazee wasikie."

"Ya aliyepanda! Hata mtoto huyu asiye na adabu anajua."

Mama akageuka. "Dada yangu," akamwambia mama mkubwa, "mtama wa mwaka jana, ule uliojaa kwenye ghala la shemeji, nani aliupanda?"

Kuku mmoja alikuwa anakwaruza pale, ukasikia kucha zake. Mama mkubwa alimtazama mama, akamtazama mumewe, kisha kile kicheko chake kikaanza, kile kilichotikisa ungo, lakini safari hii kilikuwa kimegeukia upande mwingine. "Mimi," alisema. "Mimi na binti zangu. Huyu wakati wa kupanda alikuwa kwenye pombe kwa shemeji zake, alirudi mtama umeshafika magotini akasema, mwaka huu nimelima vizuri."

Wazee wakacheka, walishindwa kujizuia. Baba mkubwa akapandisha sauti, "Hayo ni mengine! Mazao ni ya mwenye ardhi!"

"Sawasawa, shemeji," mama akasema. "Ardhi hii ulinipa mpaka mtama uingie ghalani. Umeingia?"

Angejibu nini? Akisema mboga ni ya mpandaji, ghala lake linahama leo. Akisema ni ya mwenye ardhi, ardhi ya msimu ule ni ya mama. Alisimama na fimbo yake imeinuliwa kama mtu aliyesahau alitaka kumpiga nani. Na hapo mama mkubwa akafanya jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko maneno ya wazee kumi. Alikuja mpaka kwenye mlango wa ua wetu, akasimama nje, hakuingia, akakunja nguo yake mbele kama mfuko, akasema kwa sauti, "Mama Naomi, hodi. Naomba mboga." Mtu haombi mboga mahali pasipo na mji. Mama akasema, "Karibu, dada, ingia uchume." Akaingia, akachuma mpaka nguo ikajaa, akatoka, akampitia mumewe akamwambia, "Kitoweo chako cha leo nimekiomba kwa watu. Usije ukasema umelima."

Mtama ulipoingia ghalani hakuna mzee aliyekuja kutazama chochote. Kamba ya kupimia nguzo tuliiona baadaye imefungiwa mbuzi. Niliendelea kuamkia kila asubuhi, shikamoo, marahaba, na hakuniuliza tena habari za mboga, na nakuapia, sijawahi kusikia ukimya mtamu kama ule. Baba alirudi mwaka wa pili yake, amekonda, anakohoa mkonge. Akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akapewa ugali na mgagani wa maziwa, akala mpaka akalamba vidole, akatazama ile bustani, wakati huo hata nyanya zimeshakubali, akasema, "Kumbe kaka amewatunza vizuri." Mama akamwongezea mboga. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningesema, na fimbo za mama nazijua. Ndivyo ule uongo ulivyozaliwa. Haukusemwa na adui. Ulisemwa na mtu tuliyempenda, mdomo umejaa mboga zetu.

Sasa hivi mimi nakaa mjini, Utemini, chumba cha kupanga, cherehani yangu mlangoni. Uani kwetu pana kipande kidogo, nimepanda mchicha kwenye madebe mabovu, na samadi nanunua, hebu fikiria, mtoto wa Kinyangiri ananunua mavi ya ng'ombe! Hakuna anayenipimia nguzo. Mwenye nyumba akinitaka nitoke ataniambia nitoke, hatakuja na wazee, na mimi sitakuwa na mtama wa kumuuliza nani aliupanda. Wakati mwingine naona afadhali, wakati mwingine naona kule angalau tulikuwa tunagombana uso kwa uso. Mwezi uliopita alikuja bwana shamba kuhimiza kila nyumba iwe na bustani ya mboga, akagawa mbegu, na akawaita wenye nyumba, yaani wanaume, wapange mstari. Wanawake tulikaa pembeni, mikono ina udongo. Na jioni wanaume wale wale wanakwenda kwenye mikutano ya kudai uhuru, wanapiga makofi, nchi ni ya wanaoilima, wanaotutawala waende kwao. Napiga makofi na mimi, tena kwa nguvu, mikono inauma. Ni kweli, nchi ni ya wanaoilima. Kisha wanarudi nyumbani, wananawa, wanakaa, wanasema, leteni chakula changu. Mama bado yuko Kinyangiri, bado anachuma, na mtu akimuuliza bustani ya nani anasema ya baba Naomi, kwa sababu ya adabu. Mimi adabu hiyo imenishinda. Basi wewe, ndiyo, wewe uliyeshika karatasi hii kwa mikono safi: mboga uliyokula jana, nani aliipanda?